Mkwiro wa Pedali na Sauti ya Ngoma Kubwa

Katika kumbi za muziki wa dansi kuna lalamiko lisilokwisha. Mpiga dramu hulalamika kwamba ngoma yake kubwa, ile ilalayo ubavu na kupigwa kwa mguu, haisikiki. Magitaa yamepandishwa, tarumbeta zinalia, waimbaji wameshika maikrofoni zao. Naye akikanyaga pedali huhisi mtikisiko mguuni, lakini watu walioketi nyuma ya ukumbi hawaambulii kitu. Basi hukanyaga kwa nguvu zaidi. Bado haisikiki. Mwisho wa usiku kifundo cha mguu kinamuuma, na haukupita muda mrefu kiwambo cha ngoma hupasuka katikati ya wimbo. Wahenga walikwisha kuonya kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka; lakini mpigaji huyu ana haki ya kuuliza: mbona yake imepasuka hata kabla ya kulia?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa ya lalamiko hilo mara nyingi haimo katika nguvu za mguu, bali katika kitu kidogo chenye uzito usiofika gramu 100: kichwa cha mkwiro kinachogonga kiwambo. Mwalimu wa fizikia atakuta humo mada zake kadhaa zimekusanyika mahali pamoja, yaani mitetemo, momenta, nishati na usikivu wa sikio. Mwanafunzi anayepiga dramu katika bendi ya shule au katika kwaya atakuta humo njia ya kuchagua mkwiro kwa akili badala ya kubahatisha.

CHOMBO NA ASILI YAKE

Mkwiro ni neno la kale la Kiswahili kwa fimbo ya kupigia ngoma. Ngoma nyingi za kwetu hupigwa kwa viganja, nyingine kwa mikwiro. Na katika beni, mchezo ulioanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ngoma kubwa ilivaliwa tumboni na mtu mmoja ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kuipiga.

Huko Marekani, katika majumba ya michezo ya mwishoni mwa karne ya 19, nafasi ilikuwa finyu na mishahara ilikuwa ya kuhesabu. Mtu mmoja alitakiwa apige ngoma kubwa na ngoma ndogo pamoja. Aliziweka karibu karibu, akawa anaruka na fimbo zake kutoka hii hadi ile. Mafundi kadhaa walijaribu kuuhamishia mguuni mzigo wa ngoma kubwa, lakini pedali zao zilikuwa nzito na za polepole. Mwaka 1909 William F. Ludwig, mpiga ngoma wa Chicago, alitengeneza pedali iliyoweza kufuata mwendo wa haraka wa muziki wa dansi wa siku zile. Yeye na ndugu yake Theobald wakaanzisha kampuni ya kuziuza, na toka hapo dramu ya mtu mmoja ikaenea duniani.

Pedali ni wenzo. Mguu hukandamiza ubao. Ubao huvuta ukanda au mnyororo. Mnyororo huzungusha mhimili mdogo. Na juu ya mhimili umesimama ufito wa chuma wenye kichwa cha mkwiro. Ufito huinama mbele, kichwa kinagonga, kisha springi huurudisha nyuma. Maadamu kichwa kiko mbali na mhimili kuliko mahali mnyororo unapovuta, mwendo mdogo wa mguu huwa mwendo mkubwa wa kichwa. Hapo ndipo ilipo faida ya pedali: mguu ulio mzito hupata wepesi wa mkono.

KIWAMBO HUTETEMEKAJE?

Ukiubonyeza uzi wa gitaa na kuuachia, hutoa toni ya msingi pamoja na toni za juu ambazo marudio yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi. Kwa sababu ya mpangilio huo sikio husikia noti moja iliyo wazi.

Kiwambo cha mviringo hakina adabu hiyo. Hesabu zilizokamilishwa na wanahisabati wa karne ya 19, na kuelezwa kwa kirefu na Lord Rayleigh katika kitabu chake juu ya nadharia ya sauti cha mwaka 1877, zinaonyesha kwamba ikiwa toni ya msingi ya kiwambo bora ni 1, zinazofuata ni 1.59, kisha 2.14, kisha 2.30, kisha 2.65, kisha 2.92, na kuendelea. Namba hizo hazipatani. Ndiyo maana ngoma nyingi hutoa kishindo kuliko noti. Mwanasayansi wa Kihindi C. V. Raman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa kazi yake juu ya mwanga, alionyesha mapema, mwaka 1920, kwamba mafundi wa India waliishinda tabia hiyo kwa kupaka lahamu nyeusi nzito juu ya ngozi ya tabla, na hivyo kuzivuta toni za juu zikakaribia kupatana. Fundi alitangulia, hesabu zikafuata.

Kila toni ina namna yake ya kutetemeka. Katika toni ya msingi kiwambo chote huinuka na kushuka pamoja, katikati pakiwa na mwendo mkubwa kuliko kwingine. Katika toni ya 1.59 kiwambo hugawanyika nusu mbili: hii ikipanda, ile inashuka, na kati yao unapita mstari tuli usiosogea. Mstari huo hupita katikati ya ngoma. Basi ukigonga katikati kabisa, huwezi kuiamsha toni hiyo, kwa maana umegonga mahali ambapo yenyewe haina mwendo. Ni sawa na kusukuma mlango kwenye bawaba zake.

Toni zinazoamka kwa pigo la katikati ni zile tu ambazo mistari yake tuli ni duara zilizozunguka kitovu: 1, 2.30, 3.60, na kuendelea. Zimeachana sana, hivyo mlio huwa mkavu, mzito na mfupi. Ukisogeza mkwiro sentimita chache kutoka katikati, toni nyingine nazo zinaamka, na ngoma inapata mlio mrefu wenye rangi nyingi. Kwa hiyo kabla ya kununua mkwiro mpya, mpigaji na alegeze skrubu ya ufito, aupandishe au aushushe kidogo, asikilize. Jaribio hilo halina gharama.

MUDA WA MGUSO

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kichwa cha mkwiro kinapogonga kiwambo hakiondoki papo hapo. Hukaa, kikazama kidogo, kisha kikarudishwa. Muda huo ni wa milisekunde chache tu, lakini ndio unaoamua sauti.

Tuchukue mfano. Kichwa chenye tungamo la gramu 90 kinafika kwenye kiwambo kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde na kurudi nyuma kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Badiliko la kasi ni mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo badiliko la momenta ni 0.09 × 6, yaani 0.54 kilogramu-mita kwa sekunde. Iwapo mguso ulichukua milisekunde 10, kani ya wastani ilikuwa 0.54 ÷ 0.010, yaani nyutoni 54. Iwapo ulichukua milisekunde 3, kani ya wastani ilikuwa nyutoni 180, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 18 hivi. Mguu ni uleule, kasi ni ileile, momenta ni ileile. Lakini kiwambo kimepata mambo mawili tofauti kabisa. Mara ya kwanza kimesukumwa. Mara ya pili kimegongwa.

Msukumo mrefu wa polepole hauwezi kuamsha mitetemo ya haraka. Fikiri mtoto aliye kwenye pembea. Ukimsukuma taratibu kwa muda ulio mrefu kuliko mzunguko mzima wa pembea, utamsukuma akienda na utamsukuma akirudi, na kazi yako itajifuta yenyewe. Hali kadhalika toni ya juu ya kiwambo: ikiwa mkwiro bado unagusa wakati toni hiyo imekwisha kwenda na kurudi, mkwiro huizima badala ya kuikuza.

Hesabu hutoa kanuni rahisi. Ikiwa kani inapanda na kushuka kwa umbo la nusu wimbi la saini, nguvu yake ya kuamsha mitetemo hupungua kadiri marudio yanavyopanda, na hufika sifuri mara ya kwanza kwenye marudio yaliyo sawa na 1.5 gawanya kwa muda wa mguso. Kwa mguso wa milisekunde 10, sifuri hiyo ni hezi 150. Kwa milisekunde 3 ni hezi 500. Kwa milisekunde 1 ni hezi 1500. Kinachobaki juu ya mpaka huo ni kidogo. Hivyo mkwiro laini hutoa mvumo mtupu, na mkwiro mgumu hutoa mvumo pamoja na mgoto.

Naomba msomaji ayashike maneno haya mawili. Mvumo ni ile sauti nzito inayoendelea baada ya pigo. Mgoto ni ule mlio mfupi wa mwanzo unaosema, “nimegonga sasa hivi.” Kila uchaguzi wa mkwiro ni uchaguzi wa kiasi cha mvumo na kiasi cha mgoto.

Lakini tahadhari moja yafaa. Kiwambo chenyewe nacho ni laini, wala si jiwe. Mkwiro wa mti ugongao meza huachana nayo mara moja. Ugongao kiwambo kilicholegea huzama nacho. Kwenye ngoma ya kipenyo cha inchi 22, yaani sentimita 56 hivi, iliyowambwa ili itoe toni ya msingi ya hezi 60, wimbi husafiri juu ya kiwambo kwa mwendo wa mita 44 kwa sekunde, tukiacha kando uzito wa hewa. Kutoka katikati hadi ukingoni na kurudi ni sentimita 56, safari ya milisekunde 13 hivi. Yaani habari ya kwamba kiwambo kimefungwa ukingoni huufikia mkwiro baada ya muda huo. Kwa sababu hii, katika ngoma iliyolegea, ugumu wa mkwiro hausemi sana juu ya mwisho wa mguso. Husema juu ya mwanzo wake. Mkwiro mgumu huifikisha kani kileleni ghafla. Mkwiro laini huipandisha polepole. Mgoto huzaliwa na ughafla huo wa mwanzo.

SIKIO NALO LINA MATAKWA YAKE

Mpigaji wa lalamiko letu alidhani kwamba kukanyaga maradufu ni kusikika maradufu. Sivyo. Akiongeza kasi ya mkwiro mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara nne, na hilo ni ongezeko la desibeli 6 hivi. Lakini kwa sauti za marudio ya kati, watu kwa kawaida huhitaji ongezeko la desibeli 10 hivi ndipo waseme sauti imekuwa kubwa mara mbili. Amemaliza nguvu zake, na sikio bado halijaridhika.

Tena sikio halizipendi sauti zote sawasawa. Binadamu mwenye masikio mazima husikia toka hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi, lakini huwa mwepesi zaidi kati ya hezi 2000 na hezi 5000. Kwa sauti zilizo dhaifu kabisa, toni ya hezi 60 huhitaji ukali wa zaidi ya mara 10,000 kuliko toni ya hezi 3000 ndipo isikike. Kadiri sauti zinavyokuwa kubwa tofauti hiyo hupungua, lakini haiishi.

Juu ya hayo kuna gitaa la besi. Uzi wake mnene kwa kawaida hutoa hezi 41, wa pili hezi 55, wa tatu hezi 73, wa nne hezi 98. Mvumo wa ngoma kubwa huishi katika mtaa huohuo. Vitu viwili vikilia kwa pamoja katika marudio yaliyo karibu, chenye nguvu humfunika mwenziwe. Mpigaji akiongeza mvumo, anaongeza kilekile ambacho gitaa la besi limekwisha kukifunika. Akiongeza mgoto, anapanda mahali palipo wazi, mahali ambapo sikio ni jepesi.

Hoja hii huwa na uzito zaidi katika kurekodi na kutangaza. Katika miaka ya 1970 Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi za dansi, na wasikilizaji wengi walizipata nyimbo hizo kwa redio ndogo za mkononi. Spika ya redio ya namna hiyo, yenye upana wa sentimita chache, haiwezi kuisukuma hewa ya kutosha kutoa hezi 60; na ndivyo ilivyo hata leo kwa spika ya simu. Kinachofika kwa msikilizaji kutoka ngoma kubwa ni mgoto pamoja na sehemu za juu za mlio. Ngoma isiyo na mgoto, kwake yeye, haikupigwa kabisa.

VITU VINAVYOTUMIKA

Sufu ya kondoo. Vichwa vikubwa vilivyofunikwa kwa manyoya ya kondoo vilitumika sana zamani, na bado vinapendwa na wapigaji wa jazi wa taratibu. Mguso ni mrefu, kani hupanda polepole, mgoto ni kama haupo. Ngoma husikika kama pumzi.

Felti. Hii ni sufu iliyoshindiliwa mpaka ikashikamana ikawa kama gamba. Ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ina tabia ya kupendeza: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Ukikanyaga polepole hukuta sehemu laini ya juu. Ukikanyaga kwa nguvu unafika kwenye sehemu iliyoshikana. Hivyo pigo la nguvu huwa si kubwa tu, bali huwa kali zaidi. Nyundo za piano hufunikwa kwa felti, nazo hufanya vivyo hivyo. Lakini felti huzeeka. Baada ya mapigo maelfu hushindiliwa ikawa ngumu, na mpigaji hushangaa ngoma yake imebadilika bila yeye kuigusa. Mafundi wa piano huichoma felti iliyokauka kwa sindano ili kulegeza nyuzi zake. Mpiga dramu anaweza kujaribu hivyo hivyo kabla ya kununua mkwiro mwingine.

Mpira. Ugumu wake uko kati ya felti na mti. Hutoa mgoto wa wastani ulio butu kidogo, na humaliza nishati kiasi ndani yake badala ya kuirudisha yote. Hufaa kwa mtu anayetaka ngoma isikike wazi bila makali.

Mti. Mgumu, wenye mgoto wa wazi na kani ya ghafla. Wapigaji wa roki huupenda kwa sababu lazima washindane na magitaa ya umeme.

Plastiki ngumu. Hutoa mgoto mkali unaofanana na kugonga mlango. Katika muziki wa haraka sana unaotumia pedali mbili, ambamo mapigo yanafuatana bila nafasi, mvumo ungejikusanya ukawa ngurumo moja. Mgoto ndio unaomwezesha msikilizaji kuhesabu.

Ipo pia mikwiro yenye nyuso mbili au nne, felti upande mmoja na plastiki upande mwingine. Kwa shule au kwaya yenye ngoma moja na wapigaji wengi, mmoja wa aina hiyo huenda ukawa nafuu kuliko kununua mitatu.

UZITO, UMBO NA UREFU

Ugumu si jambo pekee. Tukilinganisha mkwiro na springi, muda wa mguso hufuata kipeo cha pili cha mraba cha tungamo gawanya kwa ugumu. Ukifanya tungamo mara nne, muda huongezeka mara mbili. Ukifanya ugumu mara nne, muda hupungua nusu. Basi kichwa kizito huongeza mvumo na nguvu, lakini huchelewa kuanza na huchelewa kurudi. Kichwa chepesi hurudi upesi na kumfaa mwenye mapigo ya haraka, ila pigo lake ni jembamba.

Umbo lina hila yake. Kichwa cha mviringo kama chungwa hugusa sehemu ndogo, na hugusa namna moja hata ufito ukiwa umeinama. Kichwa bapa hugusa sehemu kubwa na kutoa sauti iliyojaa, lakini kwa sharti kwamba uso wake ulale sambamba na kiwambo wakati wa pigo. Ukikaa kombo, ukingo wake hutangulia, nao hukata kama shoka butu. Viwambo vingi vilivyodhaniwa kupasuka kwa nguvu za mpigaji vilipasuliwa na kichwa bapa kilichofungwa vibaya.

Urefu wa ufito nao huamua kasi, kwani kasi ya kichwa ni kasi ya mzunguko mara umbali kutoka mhimilini. Ufito mrefu una kichwa chenye kasi, lakini pia una uzito zaidi mguuni.

Mwisho, kuna tabia ya mpigaji mwenyewe. Wengine huacha mkwiro urudi mara moja. Wengine huubana kwenye kiwambo baada ya pigo. Mwenye kuubana huzima mvumo kwa mkono wake mwenyewe, au tuseme kwa mguu wake, na mara nyingine mkwiro huruka ukagonga mara ya pili bila kutakwa. Ajaribu kwanza kuuachia, ndipo alaumu kichwa.

NGOMA YENYEWE ISISAHAULIWE

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Kuwamba ndiko kunakoweka toni ya msingi, na mkwiro hauwezi kuibadilisha. Marudio ya kiwambo hufuata kipeo cha pili cha mraba cha mvutano: ili kuyapandisha mara mbili, mvutano lazima uwe mara nne. Viwambo vya ngozi hunywa unyevu vikalegea, ndiyo maana ngoma zetu huotwa motoni au kuanikwa juani kabla ya kuchezwa. Viwambo vya plastiki ya poliesta, vilivyoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1950, havinywi unyevu, lakini vikipata kovu haviponi. Kwa hiyo anayetumia mkwiro wa mti au plastiki juu ya kiwambo hicho abandike kiraka mahali pa pigo. Kiraka cha kitambaa hupunguza mgoto kidogo. Kiraka kigumu huuongeza.

Hali kadhalika mto au blanketi ndani ya ngoma hufupisha mvumo, lakini hauongezi mgoto. Huufunua tu kwa kuondoa kilichoufunika.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: ngoma yoyote yenye kiwambo kipana, au ndoo kubwa iliyowambwa mpira wa tairi la ndani, mipira mitatu midogo yenye ukubwa sawa, mmoja wa mti, mmoja wa mti uliofungwa ukanda wa mpira, na mmoja uliofungwa vitambaa vya sufu, uzi, rula na mizani.

Kwanza, isawazishe mipira kwa uzito kwa kupigilia misumari kwenye iliyo myepesi. Bila hatua hii hutajua kama tofauti imeletwa na ugumu au na tungamo.

Pili, simamisha ngoma ubavu na uning’inize kila mpira kama pembea, ili ukiwa umetulia uguse katikati ya kiwambo. Uvute nyuma mpaka upande sentimita 20 juu ya mahali pake pa kutulia, kisha uachie. Kwa kanuni ya nishati, kila mpira utafika kwa kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde. Hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba mmoja umepigwa kwa nguvu zaidi.

Tatu, wanafunzi wageuke na kuyapa ngoma migongo. Mwalimu aachie mipira bila kutaja upi ni upi, nao waandike: mgoto mwingi, wa wastani, au mdogo. Ndipo majibu yalinganishwe.

Nne, rudieni huku redio ikilia kwa sauti kubwa kando ya ngoma, wanafunzi wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Pimeni umbali ambao kila mpira unaacha kusikika. Mwenye simu yenye programu ya kuonyesha mawimbi ya sauti anaweza kuona jinsi wimbi la mpira wa mti linavyoanza kwa mwiba mwembamba, na lile la sufu kwa kilima.

Tano, sogezeni mahali pa pigo kutoka katikati kuelekea ukingoni, mkisikiliza toni mpya zinavyoingia.

NAMNA YA KUCHAGUA

Turudi kwa mpigaji wetu. Asianze dukani. Aanze kwa kuuliza maswali matatu: Sauti hii itasikilizwa wapi? Itashindana na vyombo gani? Na mapigo yanafuatana kwa upesi gani?

Ikiwa ni kwaya au muziki wa taratibu katika chumba kidogo, na hakuna gitaa la besi lenye nguvu, felti laini au sufu itafaa. Mgoto hapo ungekuwa kama mtu anayepiga meza wakati wengine wanasali. Ikiwa ni bendi ya dansi katika ukumbi mpana, achukue felti ngumu. Isipotosha, ahamie mpira au mti pamoja na kiraka. Ikiwa maikrofoni imewekwa ndani ya ngoma, arudi hatua moja upande wa ulaini, kwa kuwa maikrofoni iliyo karibu na pigo huukuza mgoto kupita kiasi. Na ikiwa anarekodi, asikilize kazi yake kwenye spika kubwa na kwenye redio ndogo kabla ya kuridhika, maana wasikilizaji wake watakuwa wa aina zote mbili.

Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja: kwanza mahali pa pigo, kisha namna ya kuuachia mkwiro, kisha uwambaji, na mwisho kichwa chenyewe. Akibadilisha yote kwa pamoja atapata sauti mpya, lakini hatajua imetoka wapi, na kesho hataweza kuirudia. Hiyo ndiyo desturi ya maabara, nayo inafaa vilevile jukwaani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mkwiro wa gramu 80 unafika kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde na kurudi kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Ikiwa mguso ni wa milisekunde 8, kani ya wastani ni nyutoni ngapi?

2. Kwa kutumia kanuni ya 1.5 gawanya kwa muda, taja marudio ambayo mguso huo hauwezi kuyaamsha.

3. Kwa nini mpiga ngoma akigonga karibu na ukingo hupata mlio mwembamba kuliko akigonga katikati, hata kama mkwiro ni uleule?

4. Chunguza ngoma moja inayochezwa kijijini au mtaani kwenu. Hupigwa kwa kitu gani, na mahali gani pa kiwambo? Muulize mpigaji sababu, kisha ulinganishe jibu lake na haya uliyoyasoma.